Babu Yetu Askari wa Miguu: Namna ya Kumkumbuka kwa Haki

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Darasa yetu ya hapa Eldoret hukaa baina ya Magharibi na Isha. Wanaohudhuria ni watu wa kila namna: wafanyi biashara, madereva, walimu wa skuli, Wanubi ambao wazee wao waliletwa na jeshi, Wasomali, watu wa pwani waliohamia bara, na Wanandi walioingia katika Uislamu. Siku za karibuni lilizuka katika darasa hiyo jambo lililotuchukua mikao minne kulimaliza, nasi tumeona si vizuri likabaki kwetu peke yetu bila ya kuwafikia ndugu zetu wa pwani. Ni jambo la kumkumbuka mzee aliyekuwa askari. Wala si askari mkubwa mwenye kuamrisha, bali askari wa miguu, mchukua bunduki katika safu. Jambo lenyewe latuhusu sisi na nyumba yetu. Kwa hivyo tutakayoyasema humu hatuyasemi kwa kumtoa mtu mwingine makosa.

NISHANI YA BABU

Babu wa baba yetu alikuwa askari wa Keya, jeshi lile ambalo Waingereza waliliita K.A.R. Kila mwaka, katika mwezi wa Shaaban, watu wa ukoo wetu hukusanyika Eldama Ravine wakamsomea khitma, na baada ya kusoma husimama ami yetu akaeleza khabari zake. Tangu tu wadogo tumesikia ya kwamba babu huyo alikuwa Efendi, akiamrisha watu mia, na Wazungu wakimpigia saluti. Katika khabari hizo kulikuwa na moja iliyokuwa ikitufurahisha kila mwaka, nayo ni ya mahari: kwamba babu alimwoa bibi kwa ng'ombe wanne aliowanunua kwa bei ndogo sana aliporudi katika safari ya Nandi. Watu wakicheka, na wazee wakisema, "Huyo ndiye mwanamume, alikwenda vitani akarudi na mahari."

Iko vilevile nishani yake ya fedha. Upande mmoja ina uso wa mfalme Joji wa Tano, na upande wa pili mtu aliyepanda farasi. Nishani hiyo ilikuwa imefungwa katika kitambaa cheusi, na mtoto akishikwa na homa hutiwa ndani ya maji, akanyweshwa maji yale. Sisi tuliporudi kutoka pwani baada ya kusoma, jambo la kwanza tulilolikataza ni hilo. Tuliwaambia mama zetu kwa adabu: Mwenye kuponya ni Mwenyezi Mungu, na dawa ni sababu aliyoiweka, ama kipande cha fedha chenye sura ya mfalme wa Kiingereza hakina dawa wala baraka. Walitusikiliza, Mungu awalipe kheri, wakatupa nishani ile tuihifadhi.

Tulipoisugua ikatakata, tukaona ukingoni mwake pana maandishi madogo yaliyochorwa: nambari, kisha herufi tatu, kisha jina la babu, kisha jina la jeshi lake. Herufi hizo tatu zilikuwa PTE. Tukamwonyesha mtu aliyetumika jeshini, akatuambia maana yake ni askari mtupu asiye na cheo. Si Efendi, si shaushi, wala si ombasha. Tukatafuta katika sanduku la bati la marehemu babu yetu, tukapata karatasi yake ya kutolewa kazini. Nayo ikasema vivyo hivyo: aliingia mwaka 1903, akatolewa mwaka 1919, askari asiye na cheo. Alitumika miaka kumi na sita bila ya kupata hata utepe mmoja.

Tulipompelekea ami yetu khabari hizi alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, usiwaambie watoto." Na mwingine katika jamaa akasema, "Basi kama ni hivyo, khitma hii tumsomee nani?" Maneno haya mawili yalitutia huzuni kuliko ile karatasi, kwa kuwa tuliona ya kwamba kwa miaka yote ile tulikuwa tukikikumbuka cheo, wala hatukumkumbuka mtu.

ASKARI HAO WALITOKA WAPI?

Msomaji wa pwani huenda akauliza: Wanubi wa Eldama Ravine na Eldoret ni nani? Asili yao ni askari wa Kisudani wa jeshi la Misri waliokaa katika jimbo la Ikweta chini ya Emin Pasha. Mahdi alipoishika Sudani walikatikiwa na njia, wasiweze kurudi kwao. Mwaka 1891 Lugard aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua pamoja na wake zao na watoto wao, akawatia katika kazi ya Waingereza huko Uganda. Hawakuwa watu walioitwa na serikali ya kwao. Walikuwa watu waliopotewa na serikali, wakamfuata aliyewapa bunduki na posho.

Mwaka 1897 baadhi yao walikataa amri papo hapo Eldama Ravine, mahali palipokuwa kituo cha njia ya misafara ya kwenda Uganda. Walikuwa wamechoka kwa safari zisizokoma. Mshahara wao ulikuwa mdogo, ukicheleweshwa kwa miezi na kulipwa kwa nguo, na walitakiwa waende safari nyingine ya mbali wawaache wake zao nyuma. Uasi huo ulifika mpaka Lubwa, katika nchi ya Busoga, na damu nyingi ikamwagika. Kisha tarehe 1 Januari 1902 majeshi ya Uganda, ya Afrika Mashariki na ya Nyasaland yakaunganishwa kuwa jeshi moja, nalo ndilo Keya. Mwaka wa pili baada ya hapo ndipo babu wa baba yetu alipoandikwa.

Mji huu wa Eldoret haukuwako siku hizo. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 katika shamba nambari 64 la Uasin Gishu, na kwa ajili hiyo watu wakauita Sisibo. Jina la Eldoret lilitolewa mwaka 1912, reli ikafika mwaka 1924, na mwaka 2024 mji ukapandishwa daraja ukawa jiji. Mpaka leo ndipo mahali ambapo vijana wa Jeshi la Kenya hufunzwa uaskari, na mama zao huja siku ya kuhitimu wakilia kwa furaha. Kwa hivyo khabari ya askari si khabari ya zamani tu katika mji wetu. Kila mwaka huingia wengine, na walio wengi katika wao watakuwa askari wa safu, kama alivyokuwa babu.

KAZI YA ASKARI WA MIGUU

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, jeshi zima la Keya lilikuwa na askari kiasi cha 2,400. Vilipokwisha mwaka 1918, lilikuwa na zaidi ya 30,000. Walitembea kutoka mpaka wa Kilimanjaro hadi Mto Rufiji, na kutoka Rufiji hadi nchi ya Wareno, na walio wengi katika wao walikwenda kwa miguu mitupu. Adui wao wa kwanza hakuwa Mjerumani. Alikuwa homa ya mbu, na kuharisha damu, na funza, na njaa ya mahali ambapo wapagazi walikuwa wamekufa njiani kabla ya kufikisha unga.

Huko Mahiwa, upande wa Lindi, katika siku nne za Oktoba 1917, upande wa Waingereza ulipoteza zaidi ya watu 2,000 baina ya waliokufa na waliojeruhiwa, na walio wengi walikuwa Waafrika wa Keya na wa Nigeria. Na walioelekezana bunduki walikuwa ndugu. Katika jeshi la Wajerumani walikuwamo Wasudani ambao Wissmann aliwaandika Misri mwaka 1889, na Waswahili, na Wanyamwezi, na Wamanyema, na wengi katika hao walikuwa Waislamu. Upande huu ukisali kuelekea Makka na upande ule ukisali kuelekea Makka, kisha kila mmoja humtupia mwenziwe risasi kwa amri ya mfalme asiyemjua. Vita vikaendelea mpaka tarehe 25 Novemba 1918, Wajerumani walipoweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, siku kumi na nne baada ya amani kupatikana Ulaya.

Basi mtu aliyekwenda katika mambo hayo, akarudi mzima wa akili, akajenga nyumba, akawafunza wanawe kusoma Kurani, amehitaji nini tena hata tumzulie uefendi?

SWALI LA MZEE WA KINANDI

Tuliyaeleza haya katika darasa, nasi tukadhani tumekwisha. Tulitaja nishani, na karatasi, na safari, na kwa mazoea ya ulimi tukataja hata wale ng'ombe wa mahari. Mkao ulipokwisha, mzee mmoja wa Kinandi, mtu wa ibada asiyependa maneno mengi, alibaki nyuma. Akatuambia, "Sheikh wetu, nimefurahi kwa darasa. Lakini nina swali moja, uniwie radhi. Wale ng'ombe wanne walikuwa wa nani?"

Tulikosa la kumjibu usiku ule, nasi hatuoni haya kulisema. Safari ya Nandi, ambayo ukoo wetu umeicheka kwa miaka mia, ni vita vya mwaka 1905 na 1906. Wanandi walikuwa wameikataa serikali ya Waingereza na reli yake kwa muda wa miaka kumi. Tarehe 19 Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliitwa katika mazungumzo ya amani, akauawa hapo hapo na Kapteni Meinertzhagen wa Keya na watu wake. Baada ya hapo askari waliingia nchi nzima, nyumba zikachomwa, mashamba yakaharibiwa, na ng'ombe waliotekwa walihesabiwa kwa maelfu. Ng'ombe hao ndio walionunuliwa kwa bei ndogo. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu mwenyewe hakuulizwa.

Na hapa, ndugu zetu wa pwani, msidhani ya kuwa jambo hili ni la watu wa bara peke yao. Mwaka 1914 askari wa Keya walipelekwa katika nchi ya Wagiriama, baada ya Mekatilili wa Menza kuwahimiza watu wake wakatae kutoa vijana na kuhama mashamba yao. Nyumba zilichomwa, mbuzi wakachukuliwa, na watu wakatozwa faini. Katika miji yenu wamo ambao wazee wao walikuwa katika safu ile, na wamo ambao wazee wao walikimbia mbele yake, na pengine leo wanasali bega kwa bega katika msikiti mmoja. Wako pia wenye asili ya Kibulushi ambao wazee wao walikuwa askari wa Ngome ya Mombasa. Ukoo wenye askari hauwezi kusema, "Mzee wetu alibeba bunduki," kisha usiulize, "Ilielekezwa kwa nani?"

Wako watakaosema: Babu alikuwa mtumwa wa amri, hana lake. Na wako watakaosema: Alikuwa kibaraka wa wakoloni, tusimtaje. Sisi twaona maneno yote mawili yana upungufu. Mwenye kupewa amri ya kudhulumu hana ruhusa ya kuitii katika dhulma, na hilo ni jambo lijulikanalo katika dini yetu: hapana kumtii kiumbe katika kumwasi Muumba. Lakini vilevile babu huyo huyo alidhulumiwa. Vita vilipokwisha, mwaka 1919 Serikali iligawa mashamba kwa Wazungu waliotoka vitani, na sehemu ya ardhi hiyo ilikatwa katika nchi ya Wanandi, ambao vijana wao wenyewe walikuwa wametumika katika Keya. Askari mweusi hakupata shamba. Wanubi walipewa ruhusa ya kukaa Kibera, mahali palipotangazwa mwaka 1918 kuwa na ekari 4,197. Lakini ruhusa ya kukaa si milki. Mwaka 2017 walipopewa hati ya ardhi, ilikuwa ya ekari 288. Basi mtu mmoja aweza kuwa mdhulumiwa upande huu na mwenye kudhulumu upande ule, na mizani ya Mwenyezi Mungu inayapima yote mawili bila ya kulifuta moja kwa jingine.

MAMBO MANNE YATUPASAYO

Tukakaa mikao mitatu mingine juu ya swali la mzee yule, tukafikia mambo manne.

La kwanza ni kusema kweli. Marehemu hawezi kukanusha sifa anayopewa wala kuomba ipunguzwe. Kwa hivyo aliye hai ndiye mwenye amana. Kumvika maiti cheo asichokuwa nacho ni uwongo juu ya mtu asiyeweza kujitetea. Tena ndani yake mna dharau iliyofichika, kwa kuwa maana yake ni kwamba hivi alivyokuwa hatoshi. Na kwani safu ni aibu? Waislamu waliotoka kwenda Badri walikuwa watu mia tatu na zaidi kidogo, na farasi wao walikuwa wawili tu. Waliobaki walikwenda kwa ngamia kwa kupokezana, na wakapigana kwa miguu. Khalid bin Walid alipoondolewa katika uamiri na Sayyidna Omar, aliendelea kupigana chini ya mwingine, wala hakusema, "Heshima yangu imekwenda." Na imepokewa ya kwamba Omar alipoletewa khabari za waliokufa Nahawandi, akatajiwa wakubwa kwa majina, kisha akaambiwa wako na wengine asiowajua, alilia akasema haiwadhuru kitu kutojulikana na Omar, maana Mola wao awajua. Hatusemi kwamba vita vya Keya ni mfano wa vita hivyo, haviwi. Twasema tu ya kwamba thamani ya mtu haiko katika utepe wa mkononi.

La pili ni haki za watu. Kila nafsi itabeba mzigo wake, na mjukuu haadhibiwi kwa kosa la babu. Lakini mali ni jambo jingine. Mali iliyotoka kwa mwenyewe bila ya haki haigeuki kuwa halali kwa kupita mikononi mwa watu wengi, wala kwa kukaa miaka mingi. Mwenyewe akijulikana, hurudishiwa. Akiwa amekufa, hurudishiwa warithi wake. Na asipojulikana kabisa, hutolewa sadaka kwa nia yake, thawabu zikawa zake. Wanachuoni wetu wameyaeleza haya katika vitabu vya fiqhi tangu zamani, lakini mara nyingi twayasoma kama kwamba yamewahusu wezi wa mitaani tu.

La tatu ni kumfanyia marehemu kinachomfikia. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema mwenye kumwombea dua. Ukiyatazama matatu haya hukuti hotuba ya kujisifu, wala sufuria kumi za pilau, wala kukopa ili majirani wasiseme. Sisi hatukuja kugombana na mtu kwa kuwa amekusanyika na jamaa zake wakasoma Kurani. Twauliza tu: fedha iliyotumika mwaka jana kwa mapishi, je, ingemlipia yatima skuli kwa muhula mmoja? Kama yamkini, basi lipi lamfaa zaidi askari yule aliyelala kaburini, na lipi latufaa sisi tulioshiba?

La nne ni kuandika. Katika jiji la Nairobi, katika barabara kuu, ziko sanamu za shaba za watu watatu zilizosimamishwa mwaka 1928 kwa ajili ya askari na wapagazi wa vita vile, na nyingine mfano wake iko Mombasa, nanyi mwapita mbele yake. Chini ya ile ya Nairobi pana maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yenye kuahidi kwamba majina ya watu hao yatakumbukwa na watoto wao. Lakini hakuna juu yake jina hata moja la mtu. Wazungu waliokufa waliandikiwa kila mmoja jiwe lake au mstari wake ukutani. Ama askari na wapagazi wa Kiafrika ilionekana sanamu moja yawatosha. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri ya kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni mwezi wa Aprili mwaka huo.

Kuomba radhi ni vizuri. Lakini tujiulize na sisi: ni wangapi katika sisi wajuao jina la babu wa baba zao, na jina la mama yake, na mahali alipozikwa? Tukimlaumu Mwingereza kwa kutoandika, na sisi wenyewe hatuandiki, lawama zetu zina nguvu gani? Kwa hivyo tumewaagiza wanafunzi wetu, nasi twawaomba ndugu wasomaji, wafanye hivi. Mwenye mzee aliyekuwa askari au mpagazi na atafute karatasi na nishani yake, aandike kila herufi iliyo ukingoni. Na aende kwa mzee aliyebaki katika ukoo, hasa wanawake wazee, maana wao ndio wajuao nani alizaliwa wapi na nani alilia siku gani. Na aandike yaliyo mazuri na yaliyo mabaya, aandike nakala mbili, moja akae nayo na moja ampe ndugu yake. Na asiongeze cheo.

YALIYOFUATA

Ami yetu tulimsomea mambo haya manne nyumbani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza la pili tu, lile la ng'ombe. Tukamwambia wenyewe hawajulikani. Akasema, "Lakini nchi yao yajulikana." Baada ya wiki tatu alituita. Jamaa walikuwa wamechanga, wakanunua mitamba wanne, nao wakapelekwa kwa yule mzee wa Kinandi ili awagawe kwa mayatima wa kwao, awe Mwislamu asiwe Mwislamu, kwa nia ya wale waliochukuliwa ng'ombe wao. Mzee yule hakutoa hotuba. Alimshika ami yetu mkono, akasema, "Babu yangu alikufa akiwahesabu ng'ombe wake kwa majina. Leo nitakwenda kaburini kwake nimwambie." Kisha wakakaa pamoja wakanywa chai, wazee wawili, mmoja babu yake alikuwa na bunduki na mmoja babu yake alikuwa na mkuki.

Na katika Shaaban iliyopita tulikusanyika tena Eldama Ravine. Hakukuwa na mapishi makubwa. Watoto walikuwa wamekaa mbele, na ami yetu akasimama kama ada yake. Tulihofu atarudia yale ya zamani, kwa kuwa ulimi wa mtu mzima una njia zake. Akasema:

"Watoto wangu, babu yenu alikuwa askari wa miguu. Hakuwa Efendi; sisi ndio tuliosema hivyo, na Mungu atusamehe. Alitembea miaka kumi na sita. Alifanya mema, na aliingia katika dhulma. Tumelipa tulichoweza. Sasa mwombeeni."

Wakainua mikono, nasi tukainua. Wallahi, katika miaka yote tuliyomsomea Efendi hatukupata kumwona mtoto hata mmoja akilia. Siku ile walilia wakubwa na wadogo.

MASWALI YA DARASA

1. Ni yapi unayoyajua kwa yakini juu ya babu wa baba yako, na ni yapi uliyoyasikia tu? Yatenge.

2. Je, iko mali au sifa katika ukoo wako ambayo asili yake ni haki ya mtu mwingine? Utaanzia wapi kuirudisha?

3. Mwanao akiingia jeshini leo, utamwambia nini juu ya amri iliyo halali na amri isiyo halali kabla hajaondoka nyumbani?

Twamwomba Mwenyezi Mungu awasamehe wazee wetu waliotangulia, waliobeba bunduki na waliobeba mizigo, waliodhulumu na waliodhulumiwa. Na atujaalie sisi kuwa wana wema wenye kusema kweli juu yao. Na mafanikio yote yatoka kwake.